Chama cha msingi kupunguza makaratasi: simu, kishikwambi au kompyuta?

Karani_Newala
Habari zenu wana Kusini. Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku Newala. Kabati letu limeshiba: leja za wanachama, vitabu vya mapokezi ya korosho, mihtasari ya mikutano mikuu, orodha za mgao wa sulfa, ile dawa ya mikorosho. Mchwa wameshafika rafu ya chini, na baadhi ya risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) zimefifia hazisomeki tena. Bodi imeridhia tuanze kuhifadhi kwa njia ya kidijitali kabla msimu haujafunguliwa. Fedha iliyopo ni ya kifaa kimoja cha maana. Mwenyekiti anataka kompyuta mpakato, mhasibu anataka kishikwambi, vijana wa ghalani wanasema simu inatosha. Mnashauri nini?

Fundi_Shangani
Kompyuta. Kuingiza picha ya karatasi ndani ya mashine ni kazi ya mara moja, ila kupanga, kujumlisha kilo na kumtafutia mwanachama rekodi yake ya misimu iliyopita ni kazi ya kila siku, na hapo kioo kidogo kinachosha. LibreOffice ni ya bure na inafanya majedwali vizuri tu. Mkipata na skana bapa, A4 moja kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inatoa pikseli 2480 kwa 3508, maandishi ya kalamu yanasomeka hata yaliyopauka.

Pembejeo_Masasi
Fundi, kwa heshima nakupinga. Umeme wetu unaujua. Skana bapa bila umeme ni meza tu. Mimi duka langu lote liko kwenye simu: invoisi ikishuka na mzigo naiskani palepale kabla dereva hajaondoka. Programu ya Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani. Inakata kingo, inanyoosha ukurasa na kutoa PDF. Wenye iPhone wanayo ndani ya Notes. Masharti yangu ni mawili. Usipige kwa kamera ya kawaida ukaiacha picha kwenye galari katikati ya picha za harusi, maana siku ya ukaguzi hutaiona. Na ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, kwa sababu ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na tarakimu ndogo zinaungana.

Mwl_Nachingwea
Walimu wengi tulipata vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo nina la kusema. Mnabishana juu ya karatasi za zamani. Mimi namuuliza karani: msimu ujao mtaendelea kuandika vitabu vipya halafu mviskani? Mkifanya hivyo kabati litajaa tena. Makarani wa sensa walijaza majibu moja kwa moja kwenye kioo, na fomu ilikuwa inakataa kuendelea ukiacha nafasi ya lazima wazi. Mzani wa korosho unataka kitu kama hicho: namba ya mwanachama, daraja, kilo, tarehe, basi. Kishikwambi unakishika kwa mkono mmoja umesimama karibu na magunia, na mkulima anaona kilichoandikwa bila kukodoa macho. Kuandika muhtasari mrefu juu yake, hapana. Na kamera yake mara nyingi inazidiwa na ya simu ya kawaida.

Mkulima_Tandahimba
Naomba na sisi wenye korosho tusikilizwe. Mimi nikipima nataka karatasi yangu mkononi kabla sijatoka ghalani. Malipo yanakuja baada ya mnada, na katikati hapo ushahidi wangu ni ile hati. Mama yangu hana simu janja, na hataki kuambiwa "mama, zako zipo kwenye mfumo". Hifadhini mtakavyo, lakini hati ya mkulima isiguswe.

Sheria_Lindi
Dada wa Tandahimba ana haki kabisa. Nyongeza yangu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na mahakama haiikatai kumbukumbu kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini uzito wake unapimwa kwa namna ilivyotengenezwa na kutunzwa. Faili ambalo kila mtu ofisini anaweza kulibadilisha halina nguvu. Kwa hiyo wekeni nywila ya kila mtu, na msichome nakala halisi za mikataba na mihtasari iliyosainiwa. Pia leja ina majina, namba za simu na akaunti za benki za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; simu binafsi ya kijana wa ghalani si mahali pa kuziweka.

Fundi_Shangani
Hilo la simu binafsi limenigusa. Na msitegemee mtandao peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima. Nakala moja iwe kwenye kifaa, ya pili kwenye diski ya nje inayolala jengo lingine, ya tatu mtandaoni. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku, yatajipanga yenyewe.

Karani_Newala
Asanteni sana. Nitapeleka kwa bodi hivi: tununue kompyuta mpakato ikae ofisini, kwa sababu ina betri na leja zote zitakaa humo. Simu ya chama ambayo tayari tunayo itaskani vitabu vya zamani, tukianza na vile vya rafu ya chini. Kishikwambi cha mzani kisubiri bajeti ijayo. Hati ya mkulima inabaki kuwa ya karatasi.

Mwalimu, ile fomu inayokataa nafasi wazi, naweza kuitengeneza mwenyewe kwenye jedwali la LibreOffice?

Mwl_Nachingwea
Unaweza. Fungua menyu ya Data, tafuta Validity, weka masharti kwenye safu ya kilo na ya daraja. Itakataa daraja lisilokuwepo na kilo zisizo tarakimu. Nafasi iliyoachwa wazi haitaizuia, hiyo uikague kwa macho kabla ya kufunga siku.