Diski ya pili

UKOO WA BIBI ZUHURA 🏠

Salma: Nani ana deki ya DVD nzima? Watoto wamefukua diski za shangazi kwenye sanduku la bibi, hapa hakukaliki.

Idi: Ninayo dada. Ya Kichina, haichagui. Diski gani?

Salma: The Incredibles, ile katuni ya familia ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kasha moja, diski mbili.

Shangazi Rehema: Mie huyo niliyeituma! Ilitoka huku Marekani Machi 2005, nikampa mtu aliyekuwa anakuja Tanga. Mpaka leo hakuna aliyesema asante 😏

Mjomba Hamisi: Asante ya nini shemeji, iligoma kwangu siku ya kwanza. Maandishi tu kwenye kioo.

Idi: Shikamoo mjomba. Hizo za Marekani na Kanada ni kanda namba 1. Sisi huku tuko namba 5. Deki iliyofungwa kanda moja inaitema.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Basi deki yangu ilikuwa na uzalendo.

Salma: 😂😂 Filamu yenyewe washaimaliza kwenye simu. Wanataka kujua diski ya pili ina nini.

Idi: Ndiyo yenye utamu hiyo! Sisi tumekulia kwenye zile za kibandani, filamu kumi sahani moja, nyongeza hata ya dawa hupati. Nipe leo niipime.

*Jumatano, saa 3:40 usiku*

Idi: Jamani. JAMANI. Mnamkumbuka Kari, yule binti aliyeachiwa Jack-Jack, kale katoto kachanga, akalee?

Salma: Anayempigia mama mtu simu huku analia?

Idi: Huyohuyo. Kwenye filamu unasikia kelele za simu tu. Humu kuna kifilamu kifupi, Jack-Jack Attack, kinaonyesha kilichokuwa kinaendelea nyumbani. Anamwekea mtoto Mozart eti apate akili. Mtoto anapenya ukutani, anaelea, anawaka moto, anatoa miale machoni. Binti kashika kioo anairudisha ile miale. Macho mekundu, hajalala!

Idi: Na yote hayo anamsimulia yule mzee wa serikali, Rick Dicker, aliyekaa kama anasikiliza kesi ya mpaka wa shamba. Mwisho anamfuta kumbukumbu.

Bibi Zuhura: 🎤 *(sauti, sekunde 19)* Huyo binti walimlipa shilingi ngapi? Maana kumfuta kumbukumbu ndiyo dawa ya kutomlipa.

Shangazi Rehema: Mama 🤣🤣🤣

Salma: Dada wa kazi kasikia hiyo sauti, anacheka jikoni. Sijaipenda hiyo cheka.

Idi: Kuna kingine, katuni ya kuigiza zile za zamani za bei rahisi. Picha imeganda, midomo tu ya watu wa kweli imebandikwa juu inachezacheza. Halafu unaweza kuiangalia huku Mr. Incredible, yule baba mtu, na Frozone, rafiki yake mweusi, wanaongea juu yake. Frozone kagundua wamemchora kama mzungu. Mjomba, yule kaka alivyochachamaa!

Mjomba Hamisi: Ana haki.

Shangazi Rehema: Sauti yake si ya Samuel L. Jackson? Huyo akichachamaa unakaa chini.

Idi: Mwenyewe. Na Edna, yule mama mfupi wa miwani, ni Brad Bird, mwongozaji mwenyewe.

Salma: Mwanamume?!

Idi: Ndiyo. Zipo na sehemu zilizokatwa, michoro tu bado. Rubani anaitwa Snug, alikuwa afe kwenye ile ndege ya mama mtu. Wakamtoa, mama karusha mwenyewe. Kwangu mimi walipatia, pale mama akiwa usukanini roho inakuruka zaidi.

Salma: Watoto wadogo hiyo ya rubani usiwawekee.

Idi: Sawa dada. Jumamosi kwa bibi basi, saa 10 jioni?

Bibi Zuhura: 🎤 *(sauti, sekunde 8)* Njooni na mkaa, mihogo ipo.

Idi: Bibi, TV bado ile ya kichogo?

Salma: Ileile. Beba waya wa rangi tatu, wa pale ule mweupe umeliwa na panya.