Wamebadilisha neno langu, bango likatuaibisha Likoni, na hela nikakatwa mimi!

Jamani wa baraza hili, nimenyamaza wiki mbili nikisema yatapita. Hayajapita. Leo nayamwaga.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri. Sina ofisi, nina meza ya jikoni na kamusi tatu zilizotoka majalada. Shirika moja (silitaji, wenyewe wanajijua) likanipa kazi ya kijikaratasi cha kurasa nne pamoja na maandishi ya bango, kwa warsha ya vijana kule Likoni, Mombasa. Kiingereza chao kilijaa neno wanalolipenda kuliko pilau ya harusi: "proliferation". Nikakaa nalo jioni nzima. Nikaandika KUZAGAA KWA SILAHA NDOGO NDOGO: TUZUIE VIPI? Nikatuma, wakajibu ahsante sana mwalimu.

Siku yenyewe nashuka feri, napanda kilima, nafika kwenye lango la ukumbi. Turubai jeupe, herufi nyekundu, kila moja kubwa kama sahani:

KARIBUNI VIJANA WOTE! WARSHA YA USAMBAZAJI WA SILAHA NDOGO NDOGO. CHAI NA NAULI VITATOLEWA.

Wallahi nilihisi miguu imekufa ganzi. Kijana wa bodaboda alikuwa amepaki chini ya bango, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mzee, hizo silaha zagawiwa kabla ya chai ama baada?" Wenzake wakaangua kicheko. Aliyekuwa hacheki ni mama mmoja aliyemleta mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita hivi. Alilisoma bango mara mbili, midomo ikitembea, kisha akamshika mkono na kurudi alikotoka. Na ana haki. Hapo hapo Likoni, Agosti 1997, kituo cha polisi kilivamiwa usiku, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa, na yaliyofuata watu wa Likoni hawahitaji kusimuliwa. Wewe unawatundikia "usambazaji wa silaha" langoni na kuwaahidi chai!

Nikapiga simu. Binti wa ofisini, sauti ya asali: "Mwalimu, tuliangalia kwenye simu, neno sahihi ni usambazaji. Lako halikuwa la kiofisi." Lakini siku tatu baadaye, walipoona picha ya bango inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, neno likageuka kuwa langu. Eti jina la mtafsiri ni langu. Nusu ya malipo ikakatwa "kwa ajili ya usumbufu".

Haya, kwa kuwa mimi ndiye mbumbumbu, wacha niwaeleze hilo neno lao limetoka wapi.

Ukilipasua unakuta Kilatini: proles, yaani watoto, kizazi, na ferre, yaani kubeba, kuleta. Kubeba watoto. (Hiyo proles ndiyo iliyozaa pia neno proletaria, wale tunaowaita makabwela: Roma ya kale iliwahesabu kama watu wasio na mali ya kuandikishwa ila watoto wao.) Lilipitia Kifaransa, na katika karne ya 19 wataalamu wa viumbe wakalitumia kwa chembe hai zinazogawanyika na kuongezeka, moja mbili, mbili nne. Bado ni neno la mimea na vidonda. Hakuna bunduki hapo.

Silaha ziliingia baadaye sana, na hazikuingia na neno hilo. Mwaka 1961 Ireland ilipeleka azimio Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za nyuklia, na neno lililotumika kichwani mwa azimio lilikuwa jingine kabisa, lenye maana ya kutawanya, kama mtu anayemwaga mbegu shambani. Ni katika miaka hiyo ya 1960 ndipo neno la uzazi lilipotamalaki. Machi 1963 Rais Kennedy alikuwa akiwatisha watu kwamba miaka ya 1970 huenda ikakuta nchi 15, 20 au hata 25 zina silaha hizo. Mkataba wenyewe wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia ulifunguliwa kutiwa saini Julai 1968, ukaanza kufanya kazi Machi 1970, na neno limo kwenye jina lake hadi leo.

Sasa sikilizeni utamu. Neno la uzazi linamficha mzazi. Ukisema chembe zimezaana, hakuna wa kumshika shati. Ukisema silaha zimezaana, ni kama panya wa Marikiti: zimejaa tu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakuna bastola iliyowahi kupata mimba. Kuna aliyeunda, aliyeuza, aliyevusha mpaka, aliyefumba macho. Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo. Silaha zinaenea, mtu anaeneza. Silaha zinasambaa, mtu anasambaza. Hiyo z moja ina mtu ndani yake. Na waliosoma chuoni, yaani madrasa, wanajua Kiarabu kinafanya vivyo hivyo: intishari ni kuenea, nashri ni kueneza, na jina la mkataba huo wa nyuklia kwa Kiarabu huweka kwanza neno la kukanusha au kuzuia, ndipo intishari ifuate.

Kwa hivyo "usambazaji" si neno baya. Ni kazi ya mtu. Anayesambaza unga, anayesambaza magazeti, anayesambaza maji kwa mikokoteni. Ndiyo sababu yule kijana wa bodaboda aliuliza saa ya kugawiwa. Alisoma Kiswahili, akaelewa Kiswahili. Kosa si lake.

Na msiniambie hata wakubwa huandika hivyo. Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilipokutana Nairobi, tamko lao kuhusu silaha ndogo ndogo lilitumia neno hilo hilo la Kiingereza, lakini mbele yake waliweka "tatizo la". Itifaki yao ya Aprili 2004 ikaliacha kabisa kwenye jina, ikasema kuzuia, kudhibiti na kupunguza. Mawaziri walijua kuweka kizuizi mbele ya neno. Nyinyi mmeweka chai na nauli.

Kuna jambo jingine lililonifanya nichague kuzagaa, na hili nilitaka liwe kwenye kijikaratasi, wakalifuta pia. Kuenea kuna sura mbili. Sura ya kwanza ni asiyekuwa nacho kupata. Ya pili ni mwenye nacho kurundika zaidi. Mkataba wa 1968 uliwatambua watano tu kuwa wenye nyuklia, wale waliokuwa wamelipua kabla ya Januari 1967: Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Wengine wakaambiwa marufuku, na India ilipinga waziwazi, ikasema mbona hesabu ya wakubwa haiitwi kuenea? Haijatia saini hadi leo. Na kweli, baada ya 1970 mabomu ya hao hao wakubwa yaliendelea kuongezeka hadi yakapita 60,000 katikati ya miaka ya 1980. Hayo yalizaana nyumba moja, hayakwenda kwa jirani, kwa hivyo kelele zikawa ndogo. Mtaani ni vile vile. Kijana akishikwa na bastola moja yenye kutu, ni kuenea kwa silaha. Tajiri mwenye kabati zima na walinzi kumi langoni, huyo ana usalama. Kuzagaa hakubagui. Vitu vikizagaa vimezagaa, viwe kabatini au mferejini.

Nilipomweleza yule binti akanijibu, "Mwalimu, maneno ni maneno tu." Ndiyo maana niko hapa napiga kelele badala ya kulala.

Ninachotaka ni nusu yangu iliyobaki, na jina langu litolewe kwenye karatasi zile, au neno langu lirudishwe. Mwenye kujua njia ya kumdai mtu asiye na mkataba wa maandishi anijuze hapa chini, maana tulielewana kwa simu tu, ujinga wangu. Anayetaka kuniambia "achana nao" aendelee na safari yake.

Bango lenyewe lipo bado. Jana nilipita, mama wa viazi karai amelichukua akafunika kibanda chake, herufi zikitazama ndani. Ukikaa kwenye benchi lake kula, ukiinua macho, unasoma USAMBAZAJI WA SILA, halafu kuna tobo la moshi.