Riviu za gemu mpya: mnaangalia maksi au mnasoma maneno?

MchezaUsiku

Wakuu habari zenu, naomba tujadili kitu kimoja kimenisumbua kwa muda. Mimi nacheza usiku tu, watoto wakishalala, nikibahatika napata saa moja au saa moja na nusu kabla macho hayajafumba, kwa hiyo gemu moja kwangu inaweza kumaliza miezi miwili na siwezi kuchagua kwa kubahatisha. Ndiyo maana sichukui kitu bila kupitia riviu kwanza.

Sasa oneni. Nilichukua Clair Obscur: Expedition 33 kwa sababu wachambuzi karibu wote waliisifia, Metacritic, ule mtandao unaokusanya maksi za wachambuzi, iko juu ya 90, na kweli nimeipenda mpaka nikawa naiwaza nikiwa kazini. Nikasema hawa jamaa wanajua wanachoongea. Nikaingia Hollow Knight: Silksong, sifa zile zile, maksi zinakaribiana kabisa, wiki mbili tu nimeiweka pembeni. Nakaa na bosi mmoja, yaani adui mkubwa, saa nzima, nakufa, natembea njia yote kurudi alipo, nakufa tena, muda umeisha naenda kulala nimekasirika. Sisemi ni gemu mbaya, michoro na muziki wake vinagusa moyo kabisa, ila haikuwa gemu ya mtu mwenye saa moja na hakuna namba iliyoniambia hivyo.

Swali langu ni hili, nyie riviu mnazisomaje? Na gemu gani za karibuni mmeona hukumu ya wachambuzi imekaa sawa au imepishana kabisa na mlichokikuta wenyewe? Nina PS5, na Switch 2 ipo ya wanangu.

KitufeR1

Pole mkuu. Mimi nikifungua riviu naenda moja kwa moja kwenye lawama, sifa nazisoma baadaye. Sifa zote zinafanana, kila gemu "inavutia" na "ina dunia kubwa". Lawama ndiyo inakuambia mtu alikaa na hiyo pedi ya kuchezea akafanya nini.

Chukua hiyo Silksong. Waliotoa maksi za juu wengi wao waliandika humo humo kwamba hata baadhi ya maadui wa mwanzo wanakutoa maski mbili (alama za uhai) kwa pigo moja. Hesabu sasa, Hornet, yule unayemcheza, anaanza na maski 5, mapigo matatu umekwisha. Halafu shambulio lake la kwenda chini linakwenda kimshazari, siyo wima kama kwenye Hollow Knight ya kwanza, kwa hiyo kule kudunda juu ya vitu unajifunza upya, vidole vinakataa. Na mabenchi mengine ya kusevu unalipia kwa zile rozari unazookota. Mtu akisoma hivyo vitu vitatu anajua kabisa saa moja usiku haitatosha. Mimi nilivisoma nikafurahi maana ndivyo navyotaka, nakaa Jumamosi nzima na bosi mmoja na siku nikimuangusha mikono inatetemeka. Lawama ile ile, kwangu ikawa sababu ya kuichukua.

Expedition 33 nayo ina lawama zake, hakuna ramani ndogo ndani ya maeneo, watu wanazunguka mahali pamoja mara tatu, na menyu za picto na lumina (vifaa na uwezo wa kuwavisha wahusika) zimejaa mno. Lakini ukisoma unaona hizo ni kero za pembeni, moyo wa gemu uko salama. Kitu kilichoniuza mimi ni mchambuzi aliyeeleza namna ya kukinga, kwamba ni mapigano ya zamu lakini adui akipiga unabonyeza R1 wakati ule ule silaha inapofika, ukikinga mapigo yote unarudisha pigo moja zito, na kukwepa ni rahisi zaidi ila hakukupi hilo pigo la kurudisha. Halafu akasema ukichagua levo rahisi ya Story muda wa kubonyeza unakuwa mrefu. Sentensi tatu tu, nikajua gemu inachezwaje. Ile namba 92 sijui 93 haikuniambia chochote kati ya hayo.

Na mkuu usiiuze hiyo Silksong. Baada ya kutoka Septemba 2025 watengenezaji wake Team Cherry walitoa apdeti iliyolegeza baadhi ya mabosi wa mwanzo, na ndani ya gemu kuna kresti (kitu kinachobadili namna Hornet anavyopigana) inaitwa Wanderer, ukiipata shambulio la chini linakuwa wima kama zamani.

Kipanga_88

Mimi naongeza jambo moja tu, tarehe ya riviu na mashine aliyotumia mchambuzi. Watu hawaangalii kabisa hii na ndiyo inaumiza wengi.

Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, wachambuzi kabla ya siku ya kutoka walikuwa wamepewa toleo la PC tu. Maksi zikapanda juu, watu wa PS4 na Xbox One wakanunua kwa imani hiyo, wakakuta magari yanatokea hewani, sura hazijamaliza kulodi, gemu inajizima yenyewe. Sony waliiondoa dukani kwao mwezi huo huo na haikurudi mpaka Juni 2021. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa konsoli ya zamani na nilikasirika sana, nilikuwa nimeisubiri miaka. Sasa mtu anayeanza leo na apdeti 2.0 ya 2023 pamoja na nyongeza yake ya Phantom Liberty anacheza kitu kingine kabisa, nzuri mno, mti wa ujuzi wameujenga upya, polisi wanakukimbiza kweli. Riviu ya 2020 haimsaidii kwa lolote, iwe ilisifia au iliponda.

Upande wa pili ni Tekken 8. Imetoka Januari 2024, riviu zote nzuri na zilistahili, mapigano yake yana uzito, nimeicheza mpaka leo. Wiki chache baadaye likaongezwa duka la ndani la kuuza mavazi kwa pesa halisi. Mchambuzi aliyetoa maksi zake Januari hakuliona hilo duka kwa sababu halikuwepo. Maksi zimebaki pale pale. Hili mimi linaniudhi kuliko ugomvi wote wa nani kapendelea nani, maana hapo hata mchambuzi mkweli anageuka kuwa amekudanganya bila yeye kutaka.

DadaPikseli

Kaka Kipanga umesema kweli kabisa kuhusu tarehe. Ila naomba niitetee namba kidogo maana naona inapigwa sana humu.

Namba inasaidia kwa vitu ambavyo usingevigusa kamwe. Balatro ni karata, imetengenezwa na mtu mmoja, ukiona picha zake huoni sababu ya kusimama hapo. Nilisimama kwa sababu maksi zilikuwa zimelingana na za magemu makubwa ya 2024, nikasema lazima kuna kitu, nikaingia, na mpaka sasa hakuna gemu niliyoiwasha mara nyingi kama hiyo. MchezaUsiku hiyo inakufaa wewe hasa, raundi moja ni chini ya saa, ukifa unaanza upya na hujapoteza stori yoyote. (Na pale PEGI, wale wa Ulaya wanaopanga umri wa wachezaji, walipoiwekea umri wa 18 kwa sababu tu ina picha za karata za poka niliona ni uonevu, nashukuru waliishusha mpaka 12 mwaka 2025.)

Na Astro Bot. Hapo wachambuzi na mimi tulikuwa kitu kimoja, ilichukua gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2024 na sina ubishi. Ukikanyaga nyasi pedi inatetemeka namna moja, ukikanyaga chuma namna nyingine, mdogo wangu alikuwa anafumba macho anataja anatembea juu ya nini. Unakufa kwa pigo moja lakini unarudi karibu na pale pale ulipofia, hakuna kutembea njia nzima.

Donkey Kong Bananza wengi waliipa juu ya 90 huku wakisema picha inasita pale unapovunja vitu vingi kwa pamoja, na kamera inachanganya ukiwa umejichimbia ndani ya mwamba. Ni kweli vyote. Mimi kamera ilinikera kuliko walivyoandika, kuna wakati sioni kitu ila udongo. Lakini mtoto hataacha kuichimba hiyo dunia, karibu kila ukuta unavunjika, kila ngumi inatoa kitu. Wanao watakushukuru.

MchezaUsiku

Asanteni sana wakuu, dada Pikseli hiyo Balatro naishusha leo. KitufeR1 kuhusu Wanderer sikujua, nilikuwa nadhani shida ni vidole vyangu.

Swali lingine hapo hapo, niliona Silent Hill f imegawa watu, mmoja anasema stori imemwacha hoi na mwingine anasema haieleweki na mapigano yanachosha. Wote wameimaliza. Sasa hapo unamfuata nani?

Ukungu_na_Tochi

Hiyo nijibu mimi maana gemu za kutisha ndiyo chakula changu.

Kwanza uliza, ameimaliza MARA NGAPI. Silent Hill f ukicheza mara ya kwanza unapata mwisho mmoja ule ule, hata ufanye nini. Miisho mingine inafunguka ukirudia, na ukirudia unakuta maandishi mapya na matukio ambayo hayakuwepo, ndipo unaanza kuelewa Hinako, yule msichana unayemcheza, anapitia nini na kwa nini wazazi wake wako vile. Mchambuzi aliyekuwa na wiki moja, akamaliza mara moja akaandika, anakuambia stori imekatika. Hajakosea, ndicho alichokiona. Aliyemaliza mara tatu anakuambia ni moja ya stori bora za kutisha alizowahi kucheza, na huyo ndiye niko naye. Kijiji chenyewe, Japani ya miaka ya 1960, zile njia nyembamba kati ya nyumba za mbao na maua mekundu yanaota juu ya kila kitu, nilikuwa nasimama tu kusikiliza kabla ya kukata kona.

Mapigano lakini waliolalamika wana haki. Silaha zinavunjika, pumzi inaisha haraka, na kuna sehemu ya mwisho wanakurundikia maadui mpaka hofu yote inaondoka unabaki unapunguza watu tu. Kwa gemu ya kutisha hilo ni kosa kubwa, hofu ikishakuwa kazi imekufa. Chagua levo rahisi ya mapigano, huna utakachokosa.

Kwa saa moja kwa usiku inawezekana, ila iache kama huna nia ya kurudia. Anza na Silent Hill 2 ile iliyotengenezwa upya 2024, mzunguko mmoja unatosha kuielewa.

KitufeR1

Hiyo ya kuuliza mara ngapi nimeichukua, sikuwahi kuifikiria. Ni sawa na Monster Hunter Wilds, aliyeandika baada ya kumaliza stori anasema rahisi mno, na mimi niliona hivyo hivyo, mnyama anaanguka kabla sijanoa upanga mara ya pili. Mgeni wa mfululizo huo anakuambia ndiyo mara ya kwanza ameelewa mambo yanakwendaje. Wote wawili wako sahihi na maksi zao zimetiwa kapu moja zikagawanywa.

Dada Pikseli nakubali kuhusu namba kukusimamisha, hapo umenishinda. Ila sikubali Mario Kart World kuwa na maksi zile. Zile barabara ndefu zilizonyooka kati ya uwanja na uwanja zinaniboa, magari 24 na hakuna kona ya kugombania.

DadaPikseli

Hapana kaka, cheza Knockout Tour onlaini, ile mbio ya kutoana, zile barabara ndipo zinapopata maana. Kila kituo wanne wanatolewa, uko wa 20 na mstari uko mbele, unabaki na uyoga mmoja wa kuongeza kasi mkononi unahesabu uutumie sasa au usubiri. Moyo unadunda hasa. Ukiwa Grand Prix, zile mbio za kawaida, nakubali zinachosha.

MchezaUsiku, kabla sijatoka, mwenzako nyumbani anacheza? Split Fiction haina kabisa namna ya kucheza peke yako, wachambuzi wote walisema na ni kweli, lazima muwe wawili. Skrini inagawanywa, mnakaa kochi moja, na kila levo inakuja na kitu kipya kabla hamjachoka na cha kwanza. Nimeimaliza na dada yangu ambaye hajawahi kushika pedi, mwanzoni alikuwa ananiomba nimrukishe, mwishoni ananigombeza mimi kwa kuchelewa.

MchezaUsiku

Mke wangu alicheza gemu za zamani kabla hatujaoana, tangu hapo hajashika. Nimemuonyesha trela ameuliza yeye atakuwa yupi kati ya wahusika wawili, Mio au Zoe, nimemwambia achague. Tunaanza Ijumaa, nitarudi kuwaambia.

Kipanga_88

Mkuu hakikisha umeshusha apdeti yote kabla ya Ijumaa, isije ikawa mmekaa tayari halafu mnaangalia asilimia zinapanda. Na ule upande wa pili wa skrini usiuangalie, mwache afe mwenyewe mara mbili tatu, ndivyo atakavyozoea.