Tupeane uzoefu: Kumtafuta na kumkumbuka askari wa Keya aliyeuawa Bama

Wakuu, uzi huu ni wa familia zenye babu au mjomba aliyeondoka na Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akavuka bahari kupigana na Wajapani Bama (sasa Myanmar) kwenye Vita Kuu ya Pili, hakurudi. Wanaojua njia watupe hatua: jina lake linapatikana wapi, na kwenye jiwe la kumbukumbu kiandikwe nini?

Mchangiaji wa 1
Usianze na jina, anza na bataliani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bonde la Kabaw Agosti 1944, mvua zikiwa zimeshika kweli, na Desemba ikawa imefika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Humo mlikuwa na bataliani za Keya: 26 na 36 za Tanganyika, 11 ya Kenya, 4, 34 na 44 za Uganda, 2 na 22 za Nyasaland (sasa Malawi). Bataliani ya 46 ya Tanganyika ilikuwa Brigedi ya 28, iliyopigana upande wa mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945. Kama bataliani haijulikani, tafuteni namba yake ya jeshi kwenye barua ya taarifa ya kifo au karatasi za malipo. Namba haina tahajia mbili.

Mchangiaji wa 2
Hapo kwenye tahajia ndipo wengi wanapokwama. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake mtandaoni, kutafuta ni bure. Lakini karani aliandika alivyosikia. Hamisi anaweza kuwa Amisi au Khamis. Rashidi akawa Lashidi. Askari wengi wana jina moja tu, nalo limewekwa kwenye nafasi ya jina la ukoo. Kwa hiyo acha jina la kwanza wazi, chagua kikosi na nchi (Myanmar), weka miaka 1944 hadi 1945, kisha soma orodha yote kwa jicho. Inachosha, ila waliokata tamaa mapema ndio waliomwacha mtu wao mle ndani.

Mchangiaji wa 3
Wa mizinga msiwatafute Bama kwanza. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki.

Mchangiaji wa 4
Ukishampata, angalia kama ana kaburi au ana jina tu. Makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon (zamani Rangoon), pana vyote viwili. Kaburi lina kibao cha shaba juu ya jiwe fupi. Wasio na kaburi wako kwenye nguzo za Rangoon Memorial, jengo la kumbukumbu lililo humo humo, majina karibu 27,000, kwa hiyo nakili namba ya uso wa nguzo. Bila hiyo anayekwenda kukupigia picha atazunguka siku nzima.

Mchangiaji wa 5
Medali ya Burma Star (utepe una mstari mpana mwekundu katikati, kila upande buluu nzito yenye mstari wa chungwa) haithibitishi kwamba alifia huko. Walionusurika nao waliipata.

Kwenye jiwe la nyumbani andikeni jina kama mama yake alivyomwita, chini yake jina la kwenye orodha, namba, bataliani, tarehe. Kama yuko kwenye nguzo, msiandike “amezikwa Taukkyan”. Andikeni “jina lake liko Taukkyan”.