Tupeane uzoefu: huduma za mtaa, kata na manispaa hapa Dar, nani anahusika na nini kinakwamisha

Mtaa kwa Mtaa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa kukusanya ujuzi wa huduma za serikali za mitaa Dar es Salaam, iwe Jiji (Ilala ya zamani, tangu Februari 2021) au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Naomba tuandike hatua, karatasi zinazotakiwa na mahali watu wanapokwamia. Malalamiko bila maelezo tuyaache.

Naanza na barua ya utambulisho, kwa kuwa ndiyo mlango wa karibu kila kitu: fomu ya NIDA (kitambulisho cha taifa), akaunti ya benki, dhamana mahakamani, mkopo wa kikundi.

Ofisi ya mtaa ina watu wawili ambao wengi huwachanganya. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, mara ya mwisho Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Barua nyingi zinataka sahihi ya mmoja wao na muhuri, ila fomu ya NIDA ina sehemu yake maalumu ya kujazwa na ofisi hiyo, kwa hiyo nenda na fomu yenyewe, usiende na ombi la mdomo. Kama mtaa hawakufahamu, anza kwa mjumbe wa eneo lako au nenda na mwenye nyumba.

Barua inakataliwa kwa sababu tatu hasa. Jina haliko kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa; herufi moja tu inatosha kukurudisha. Barua imeandikwa "kwa yeyote anayehusika" wakati benki au mahakama inataka itajwe. Na muhuri haukugusa picha. Mwambie mwandishi wa barua mapema inakwenda wapi, na picha ibandikwe kabla ya muhuri kugongwa.

Mlipakodi Temeke

Asante mkuu. Niongezee la fedha. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo yenye tarakimu 12, au risiti ya mashine ya POS. Kabla ya kuthibitisha kwenye simu, soma jina la taasisi inayolipwa. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu, hayo si mapato ya halmashauri. Namba ya malipo ina tarehe ya kuisha muda. Ikikataa, omba nyingine, usilipie ya jirani.

Kodi ya majengo: tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), na tangu Julai 2023 kiwango ni 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kila mwezi. Ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu kwa mwaka. Makato hujikusanya. Mita ikikaa miezi minne bila kununuliwa umeme, tegemea 6,000 kukatwa, ndiyo maana mtu anaona yuniti chache akadhani mita ni mbovu. Soma ujumbe wa manunuzi, makato yameandikwa humo.

Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji aliyekatwa ana haki ya kufidiwa kwenye pango, kwa hiyo tunza zile jumbe. Nyumba moja yenye mita tatu isikatwe mara tatu: peleka namba za mita zote ofisi ya TRA (mamlaka ya mapato) au TANESCO (shirika la umeme) waache moja tu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha, lakini lazima uombwe.

Na tusichanganye hii na kodi ya pango la ardhi. Hiyo ni ya Wizara ya Ardhi, inalipwa kwa namba ya malipo yake, na mwaka wake unaanza Julai.

Mama Duka Mbagala

Leseni ya biashara jamani, hapa ndipo wengi tunapoteza wiki nzima.

Leseni za kundi B, yaani duka, saluni, mgahawa na kadhalika, zinatolewa na halmashauri. Kundi A linakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Maombi ya halmashauri sasa yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI. Andaa namba ya NIDA (tarakimu 20), TIN, yaani namba ya mlipakodi (tarakimu 9), cheti cha kutokuwa na deni la kodi kutoka TRA, mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki, na cheti cha BRELA kama unatumia jina la biashara. Chakula na dawa vina vibali vyake vya ziada, na afisa afya atakuja kuangalia eneo.

Yanayokwamisha sasa. TIN isiyo ya biashara, ile watu wanayochukua kwa ajili ya leseni ya udereva, haifai mpaka ibadilishwe TRA iwe ya biashara. Anwani ya TIN ikiwa Kinondoni na duka liko Temeke, rekebisha kwanza. Mkataba wa pango nao una mambo: TRA watadai ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, na kodi ya zuio asilimia 10 ambayo kisheria mpangaji anaikata kwenye pango la mwenye nyumba. Elewaneni kabla ya kusaini, la sivyo mzigo wote utabaki kwako.

Leseni ni ya mwaka mmoja, na kila tawi lina ya kwake. Ukifunga biashara, toa taarifa kwa maandishi halmashauri na TRA pia, maana makadirio ya kodi huendelea kuhesabiwa hata kama rafu ni tupu.

Kalamu na Rula

Kwa ufupi kuhusu ujenzi. Bila kiwanja kilichopimwa, kibali cha ujenzi ni kigumu sana kukipata, kwa hiyo wa maeneo ya urasimishaji (makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa) anzeni na upimaji huo. Peleka uthibitisho wa umiliki, risiti ya pango la ardhi na michoro. Ghorofa linadai na michoro ya mihimili iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Michoro hurudishwa zaidi kwa kosa la matumizi: kiwanja ni cha makazi, mtu kachora fremu sita za maduka mbele. Omba mabadiliko ya matumizi kwanza.

Halafu hii asilimia 10 ya mauziano ya viwanja wanayodai baadhi ya viongozi wa mitaa. Hakuna sheria inayowapa. Mauziano yaandikwe na wakili, ofisi ya mtaa ije kama shahidi wa kumjua muuzaji na mipaka.

Bomba la Kimara

Barabara na maji: kwanza jua mwenye nacho. Barabara kuu kama Morogoro ni ya TANROADS. Za mitaani ni TARURA. Maji na majitaka ni DAWASA. Taka ni halmashauri na mzabuni wake. Kupeleka lalamiko la shimo la mtaani kwa diwani si kosa, lakini likiandikwa pia TARURA linasonga.

Ukiripoti bomba lililopasuka, taja mtaa, kata, alama inayojulikana na namba ya mita ya jirani wa karibu. Bili ikipanda ghafla, funga koki zote kisha angalia mita. Ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja ndani kwako, na kuanzia kwenye mita kuingia ndani fundi ni wa kwako. Ikiwa imesimama, peleka picha ya usomaji wa mita walinganishe na bili.

Dada wa Kikundi

Wanaoulizia mikopo isiyo na riba ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kinatakiwa kuwa na watu watano angalau (wenye ulemavu wana nafuu kwenye idadi), katiba, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi.

Andiko ndilo linaloangusha. "Tunataka kufuga kuku" halitoshi. Andika vifaranga wangapi, bei ya mfuko wa chakula, mifuko mingapi hadi kuuza, banda liko kwa nani, soko ni lipi. Na mradi uwe mmoja ambao wanachama wote wanaufahamu, kwa kuwa maafisa watamuuliza mwanachama yeyote, hata yule wa mwisho.

Mlipakodi Temeke

Dada umesema vizuri. Kwenye taka, ongeza hili: mzabuni akipita wiki mbili bila kuzoa, mtendaji wa mtaa apewe barua yenye tarehe alizokosa, na nakala iende kwa afisa afya wa kata. Ada yenyewe idai risiti, na kiwango kilichopitishwa kiulizwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ambako mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya wakazi.