Friji ya Baba Mkubwa

Kikundi: WANA WA BIBI, MUHEZA

*Jumanne, alfajiri*

Mama Mkubwa: Assalamu alaykum wanangu. Samahani kwa kuwaamsha. Baba yenu amechomoa tena friji usiku, mara ya tatu mwezi huu. Nimeamka kuswali nakuta maji yametapakaa jikoni na vibua vya 12,000 vimelainika. Nikimuuliza anasema friji inapiga kelele. Friji haina kelele yoyote. Siyo samaki wanaoniuma jamani, ni hali yake.

Baba Mdogo: Waalaykum salaam shemeji. Pole sana. Si mwezi uliopita ilikuwa saa ya ukutani?

Mama Mkubwa: Aliitoa betri. Kabla ya hapo alitoka na tochi usiku kutafuta nyenje kwenye mwembe. Nikamfuata nyumanyuma. Nikamkuta kasimama chini ya mti, kainamisha kichwa, kiganja sikioni. Nyenje hawakuwepo. Nilirudi ndani nikalia.

Shangazi: Subhanallah. Sauti za kusikia peke yake tusizifanyie mchezo. Tumfanyie kisomo. Huku Korogwe yupo sheikh namwamini.

Baba Mdogo: Mimi nimetumiwa dawa hii. Kitunguu saumu kinapondwa, kinachemshwa na mafuta ya habasoda, matone 3 sikioni asubuhi na jioni. Siku 7 tu.

Rehema: Shikamooni wazazi wangu. Ndiyo natoka zamu ya usiku. Baba Mdogo, nakuomba kwa heshima zote, matone hayo yasiingie sikioni mwa Baba Mkubwa. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, mafuta yanapenya hadi ndani, na kitunguu saumu kinaunguza ngozi. Shangazi, dua haina ubaya, hata mimi namwombea. Ila kabla hatujasema ni jini, tumuulize mwenyewe anasikia nini. Baba Mkubwa, upo?

Hemedi: Yupo. Ujumbe wote ameusoma.

Baba Mkubwa: Marahaba Rehema. Nipo. Naandika taratibu, mnivumilie.

Baba Mkubwa: Ni mlio. Mwembamba. Kama korona, ile mashine ya kuponda mkonge, inayozunguka tupu bila majani, nawe umesimama ng'ambo ya reli. Haukatiki. Mchana watu wakiwepo nausahau. Usiku nyumba ikitulia unapanda mpaka nausikia kwenye meno. Una miaka miwili sasa. Nilikwenda mahali kutibiwa, yule aliyenipokea hata sikioni hakunichungulia, akasema mzee huo ni umri, nenda kaishi nao. Nikarudi nikanyamaza. Hata mama Hemedi sikumwambia, nikichelea mtasema akili imeanza kuyumba. Friji naichomoa kwa sababu kila usiku najipa tumaini kuwa leo huenda ni friji.

Shangazi: Kaka yangu. Miaka miwili!

Mama Mkubwa: Ningejua nisingekugombeza kwa ajili ya vibua. Nisamehe baba Hemedi.

Rehema: Baba Mkubwa, nisome vizuri. Akili yako ni nzima. Mtu anayesikia sauti zinazomsema au kumwamrisha, hilo ni jambo jingine na lina madaktari wake, na hao nao si watu wa kuogopwa. Wako ni mlio usio na maneno. Kuna wanaosikia mvumo, kuna wanaosikia mluzi, wengine nyenje kama wewe. Hospitali tunauita tinitasi. Katika watu wazima 10, mmoja au zaidi anao. Kliniki yetu hapa Moshi haipiti wiki bila kuwaona, na wengi wao walinyamaza kwanza kwa hofu hiyohiyo.

Hemedi: Sasa unatoka wapi kama nje hakuna kitu?

Rehema: Kwanza nimuulize baba yako. Baba Mkubwa, korona ulikaa miaka mingapi?

Baba Mkubwa: 19. Kutoka 1984 hadi 2003. Nilikuwa mlishaji, majani ya mkonge yanakuja kwenye mkanda, unayatandaza yaingie yakapondwe, huko ng'ambo zinatoka singa. Kelele yake usiniambie. Tulizungumza kwa mikono. Ukitaka maji unaonyesha kidole gumba mdomoni. Jioni nikirudi nyumbani masikio yanalia, asubuhi yametulia. Wote tulikuwa hivyo, tukaona ndiyo kazi ilivyo.

Rehema: Kule kulia kwa jioni kulikuwa onyo, na hakuna aliyewaambia. Ndani kabisa ya sikio pana mfereji uliojizungusha kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa inavilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Vinainuka, vinalala, vinainuka, hadi siku vingine haviinuki tena. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti nyingine. Za mwanzo kufa ni zile za sauti nyembamba.

Rehema: Sasa ubongo uliozoea kuletewa sauti nyembamba hauzipati tena. Unafanya kama mtu aliyeikosa stesheni ya redio usiku, anazungusha sauti juu kabisa, na anachoambulia ni ule mkwaruzo wa redio yenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoueleza mlio kama wako. Kwa hiyo unachokisikia kipo kweli, Baba Mkubwa. Hukukizua.

Hemedi: Bibi ametuma sauti, naiandika kwa faida ya walio kazini. Anasema: "Zamani ukinywa kwinini ya malaria masikio yanavuma kama umeingiza kichwa mtungini, watu unawasikia kwa mbali. Na sikio likilia tuliambiana kuna mtu anakutaja. Mwanangu mlimpa kwinini?"

Rehema: Shikamoo Bibi yangu. Umesema kweli, kwinini inaliza masikio, na mara nyingi dawa ikishatoka mwilini mlio nao unaondoka. Aspirini ikizidi ni hivyohivyo. Zipo sindano, kama jentamaisini, ambazo zinaweza kuua zile chembe moja kwa moja, ndiyo maana hazichomwi kiholela. Baba Mkubwa, unameza nini siku hizi?

Baba Mkubwa: Ya presha asubuhi. Na aspirini za goti, nanunua dukani. Mbili. Goti likikaza nne.

Rehema: Nne kwa siku?

Baba Mkubwa: Nne asubuhi, nne jioni.

Mama Mkubwa: Na mimi ndiye ninayetumwa kuzinunua 😢

Rehema: Ya presha usiiache hata siku moja. Hizo za dukani usijiongezee tena, kawaambie hospitali wakupe kitu kingine cha goti. Kiasi hicho kinaweza kuuchochea mlio, na tumbo lako pia liko hatarini. Nijibu na haya: mlio uko sikio moja au yote mawili? Unapiga kwa kufuata mapigo ya moyo? Kuna siku sikio moja lilizima ghafla, au ulipata kizunguzungu?

Baba Mkubwa: Yote mawili. Haupigi mapigo, unanyooka tu. Ghafla hapana, kizunguzungu hapana.

Rehema: Alhamdulillah. Na ninyi wote shikeni hili: mlio wa sikio moja tu, au unaodunda na moyo, usikae nao nyumbani, nenda ukapimwe. Na mtu akiamka sikio moja limekufa ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Asikae wiki nzima akidhani ni nta. Dawa yake inasaidia ikiwahi.

Hemedi: Da Rehema, mimi nikikata geti zima na grinda, jioni masikio yanalia. Asubuhi yametulia.

Baba Mkubwa: Hemedi.

Baba Mkubwa: Hemedi mwanangu, hayo uliyoandika ni maneno yangu mimi ya 1984.

Rehema: Kipimo chepesi, Hemedi: mtu akiwa umbali wa mkono na inabidi upige kelele akusikie, hapo sikio linaumia. Wataalamu wa afya kazini wanasema kelele ya desibeli 85 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), saa 8 kwa siku, basi. Ikipanda 3 muda unapungua nusu. Grinda kwenye chuma inaweza kufika 100, na hapo muda ni dakika 15. Tafuta vile vya kufunika sikio zima. Pamba haizuii.

Shangazi: Rehema mwanangu, kisomo tutafanya kwa ajili ya shukrani. Hospitali aende lini?

Rehema: Wiki hii. Aombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo, na apimwe usikivu kwenye chumba kilichotulia. Na leo usiku, Mama Mkubwa, washa feni. Au redio, sauti ndogo, chini kidogo ya mlio wenyewe. Ukimya ndio unaompa mlio uwanja.

*Alhamisi, wiki tatu baadaye*

Mama Mkubwa: Tumerudi. Daktari ametoa nta kwanza, sikio la kushoto lilijaa. Kisha wakamfungia chumbani na vifaa vya kusikilizia, abonyeze kila akisikia. Karatasi yake mstari unakwenda vizuri halafu unaporomoka kama mteremko wa Amani.

Rehema: Huo mporomoko ndio korona. Ndiyo maana anatuambia tunanong'ona. Anasikia kwamba unaongea, lakini s, sh na f zinampotea.

Baba Mkubwa: Nimejaribishwa visaidizi vya kusikia. Yule binti alipoviwasha nikasikia karatasi mkononi mwake. Nilisahau kuwa karatasi ina sauti. Na mlio ukarudi nyuma, sikuutafuta kwa muda. Nilimuuliza kama kuna kidonge cha kuuondoa kabisa. Akanijibu bila kunizungusha, kidonge hicho hakuna, na anayekuuzia atakuwa anakula hela yako. Alichoniambia ni kwamba ubongo unaweza kuuzoea hadi uache kuuhesabu, kama mtu aliyehamia karibu na reli. Niache kuuwinda kila baada ya dakika. Amenipangia pia mtu wa kuzungumza naye kuhusu usingizi na hofu, mara moja kwa wiki.

Baba Mdogo: Kaka, nilikuletea kitunguu saumu kwa nia njema.

Baba Mkubwa: Najua mdogo wangu. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunitafutia dawa.

Baba Mdogo: Hivyo visaidizi bei tumeiona. Naanza na 100,000. Tuma namba, shemeji.

Shangazi: 50,000 kutoka kwangu, ya pili mwisho wa mwezi.

Hemedi: Geti la leo lote linaingia humo. Na nimenunua vya kufunika masikio, nimevaa kutwa. Masikio kimya.

*Jumapili, usiku wa manane*

Baba Mkubwa: Leo umekuwa mkali. Sijui ni kwa sababu ya kelele za arusi ya jirani. Nimewasha feni na redio. Friji sijaigusa. Niliinuka mara moja, nikafika mlangoni mwa jikoni, nikarudi.

Rehema: Niko zamu, niko macho. Siku za namna hiyo zitakuja, hasa ukichoka. Unasikiliza nini?

Baba Mkubwa: Taarab ya zamani, chinichini. Mama Hemedi amelala. Namsikia akipumua.

Rehema: Basi msikilize yeye. Ukitaka kuandika, andika, nipo hadi saa 1.

Baba Mkubwa: Sawa mwanangu.