Springi za hewa kwenye Peugeot 504 ya zamani: je, zitafaa kwa safari za Mtwara na Newala?

Mwana wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, ninamiliki gari aina ya Peugeot 504 saluni la miaka ya 1970, nililoachiwa na marehemu baba yangu, ambalo bado linatumia injini yake ya mwanzo na ambalo nisingependa lipoteze sura yake. Springi za nyuma zimechoka, kiasi kwamba nikipakia familia na mizigo kwenda Newala, matairi hukaribia kugusa bodi kila tunapoingia kwenye shimo. Nimekusudia kuondoa springi zote nne na kufunga mifuko ya hewa (mifuko ya raba inayojazwa hewa na kubeba gari badala ya springi), pamoja na kompresa na mtungi kwenye buti, ili gari likae chini ninapotembea mjini na liinuke ninapopanda uwanda wa Makonde. Je, mifuko hiyo hufungwaje kwenye gari ambalo bodi yake ndiyo chesisi yake, na je, hewa yetu ya pwani haitauharibu mfumo huo mapema?

Fundi wa Ligula

Ndugu yangu, kazi hiyo inawezekana, lakini usianze kwa kununua vifaa. Anza kwa kuingia chini ya gari. Saluni za 504 zilitoka kiwandani kwa namna mbili: zipo ambazo kila gurudumu la nyuma lina mkono wake (chuma kinacholiunganisha na bodi), na zipo zenye ekseli moja ngumu inayoshika difu, yaani gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Namna hizo mbili hazifungwi mfuko kwa njia moja, na anayekuuzia vifaa kabla ya kukuuliza jambo hilo hajui anachokuuzia.

Mahali pa kuuweka mfuko ndipo penye hesabu yote. Tuseme gurudumu moja la nyuma linabeba kilo 300, na mfuko wenye kipenyo cha kazi cha sentimita 12 umesimama juu ya uzito huo moja kwa moja: utahitaji takriban psi 38 (psi ni kipimo kilekile cha presha ya tairi), ambayo ni presha ya kawaida kabisa. Ukiufunga katikati ya mkono, nusu ya njia kutoka kwenye bushi, yaani raba ambayo mkono huzungukia, hadi kwenye gurudumu, mfuko uleule utabeba kilo 600 na presha itafika takriban psi 75, na bati la bodi lililo juu yake litasukumwa kwa nguvu hiyo hiyo maradufu. Kwa kuwa gari hili halina fremu iliyotengana na bodi, kibao cha kushikia mfuko ni lazima kikae mahali palepale springi ya kiwandani ilipokuwa ikisukuma, na bati la hapo lipigwe nyundo kwanza ili kutu iliyojificha ionekane. Kuchomelea chuma kipya juu ya bati lililooza ni kuhatarisha maisha ya uliowapakia.

Mfuko wa hewa hubeba uzito tu na hauzuii gari kudundadunda, kwa hiyo shokapu nzuri bado zinahitajika. Raba za kuzuia gari lisigonge chini nazo zibaki, ili hewa ikitoka njiani uweze kufika kwa fundi bila kuuponda mfuko. Kila gurudumu liwe na valvu yake: ukiunganisha kushoto na kulia kwa bomba moja lililo wazi, hewa itakimbilia upande mwepesi kwenye kona na gari litalala zaidi.

Mkazi wa Mtanda, Lindi

Ninamheshimu Fundi, lakini naomba kutofautiana naye kuhusu haja yenyewe. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na sifa yake kubwa ilikuwa ni jinsi springi zake za chuma zilivyonyooka na kujikunja kwa urefu kwenye njia mbovu. Ukilishusha, unaiondoa sifa hiyo. Na kama magurudumu ya nyuma yana mikono yake, yataegemea ndani na kula matairi upande mmoja. Funga springi mpya za kipimo cha kiwandani. Kama mzigo bado unakusumbua, ipo mifuko midogo inayoingizwa ndani ya springi ya nyuma na kujazwa kwa pampu ya kawaida ya tairi, bila kompresa wala nyaya. Mingi ya aina hiyo haitakiwi kuzidi psi 35 wala kushuka chini ya psi 5.

Fundi Umeme, Mikindani

Nitajibu la hewa ya pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikishindiliwa maji hujikusanya ndani ya mtungi. Kwa hiyo mtungi uwe na koki chini kabisa, ifunguliwe mara kwa mara, hasa wakati wa masika, na kichujio cha maji kikae kabla ya valvu. Kuhusu umeme, kompresa ndogo ya volti 12 inaweza kuvuta takriban ampea 20, mzigo mzito kwa altaneta ya zamani. Ipewe waya wake mnene kutoka kwenye betri, fyuzi iwe karibu na betri, na swichi ipitie kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa. Viungo vyote vya mabomba vipakwe maji ya sabuni kabla gari halijatoka gereji.

Mwana wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru nyote. Ninaelekea kwenye ushauri wa ndugu yetu wa Lindi, kwa sababu ninachokihitaji zaidi ni kufika Newala salama, na sitaki bati la baba likatwe bila ulazima. Fundi, je, mifuko hiyo midogo itaingia kwenye gari langu?

Fundi wa Ligula

Itaingia ikiwa shokapu haipiti katikati ya springi. Ikipita, hakuna nafasi, na utabaki na springi mpya peke yake, jambo ambalo si baya hata kidogo. Tazama pia kama breki za nyuma zina valvu inayofuata uzito wa mzigo, kwa maana gari likiinuka kwa hewa valvu hiyo hudhani limeshushwa mzigo na kupunguza nguvu ya breki, hivyo ni lazima irekebishwe kwa urefu mpya. Upange mwelekeo wa magurudumu baada ya hapo, gari likiwa limesimama kwenye urefu utakaoutumia, na uitaarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kabla ya kusafiri.